Sura ya Tano: Mlinzi wa Ngazi

Kwa zaidi ya miaka thelathini ya karne ya kumi na tisa, mkaazi wa London ambaye nyumba yake imeshika moto usiku wa manane alikuwa akitarajia msaada kutoka pande mbili zisizokuwa na bwana mmoja. Upande wa kwanza ulikuwa wa makampuni ya bima, ambayo tangu mwaka 1833 yaliungana na kuunda kikosi kimoja cha zimamoto, chenye pampu za kusukumwa kwa mikono na farasi wa kuzikokota. Na watu wa kikosi hicho, ijapokuwa walikuwa hodari na wengi wao wenye huruma, walilipwa mshahara na wenye bima ili mali iliyowekewa bima isiteketee, basi dhima yao mbele ya bwana wao ilikuwa ni mali. Upande wa pili ulikuwa wa chama cha hisani kilichoasisiwa mwaka 1836, kikapata baadaye ulinzi wa Malkia Victoria na haki ya kujiita cha kifalme, ambacho shughuli yake ilikuwa ni kuhifadhi uhai wa watu na moto. Chama hiki hakikuwa na pampu hata moja. Kilikuwa na ngazi. Pampu ilikuja kwa ajili ya nyumba, na ngazi ilikuja kwa ajili ya waliomo, na ole wake aliyefikiwa na moja akaikosa ya pili.

Mpango huu unashangaza zaidi tukikumbuka jinsi umma wa zama zile ulivyomtukuza mzima moto. Mwaka 1855 mchoraji John Everett Millais alitundika katika maonyesho ya Royal Academy picha aliyoiita The Rescue, na ndani yake yumo mzima moto anayeshuka ngazi za nyumba ya kitajiri huku amebeba watoto watatu, na mama yao amepiga magoti mbele yake kwa nguo za kulalia, amenyoosha mikono, na nuru nyekundu ya moto usioonekana imewafunika wote. Millais alijisumbua sana kuipata nuru ile, hata akatumia kioo cha rangi ili aone jinsi wekundu unavyoangukia uso na nguo. Watu walisongamana kuitazama. Ni wachache, nadhani, waliojiuliza kwamba yule shujaa wa kwenye turubai, kwa mujibu wa karatasi za ajira yake, alikuwa ni mtumishi wa bima ambaye angeweza bila ya kuvunja amri yoyote kuanza na mazulia. Na kwamba kama aliwatoa watoto kwanza, na bila ya shaka hivyo ndivyo ambavyo watu wake wengi walivyofanya, basi aliwatoa kwa muruwa wake mwenyewe na si kwa sharti la kazi.

Ama ile ngazi ya kuokolea, yafaa tuieleze kwa utulivu, maana bila ya kuifahamu hatuwezi kufahamu habari ya mtu ambaye sura hii imeandikwa kwa ajili yake. Aliyeitengeneza kwa namna iliyoenea mjini alikuwa Abraham Wivell, naye pia mchoraji, mchoraji wa sura za watu, ambaye aliiacha kazi iliyomjengea jina akajitia katika shughuli ya kuwateremsha watu madirishani. Chombo chake kilikuwa ni ngazi ndefu ya kiasi cha futi 35, iliyosimamishwa juu ya gari la magurudumu makubwa, na juu yake kuna ngazi nyingine yenye bawaba iliyoweza kukunjuliwa ili kufikia ghorofa za juu. Chini ya ngazi kuu, kwa urefu wake wote, ulining'inizwa mfereji wa turubai, ambao mtu dhaifu, au mwanamke aliyezirai, au mtoto, aliweza kutiwa ndani yake kwa juu akateleza mpaka chini bila ya kukanyaga kipago hata kimoja. Na ili turubai lisishike moto kwa wepesi, ulitandazwa wavu wa nyaya za shaba kwa nyuma.

Ngazi hizi ziliwekwa usiku katika njia panda na mbele ya makanisa, kila moja na mlinzi wake, ambaye alikaa kibandani kuanzia jioni hadi alfajiri akingoja mayowe. Mayowe yalipopigwa, mlinzi aliisukuma ngazi kwa mbio kuelekea penye moto, naye kwa kuwa chombo chenyewe kilikuwa kizito kupita nguvu za mtu mmoja, alitegemea askari polisi wa doria na wapita njia wowote waliokuwa macho saa ile kumsaidia kusukuma. Alipofika, aliiegemeza ukutani, akapanda. Mwenziwe hakuwapo. Walioshika magurudumu chini walikuwa ni watu wa bahati tu, waliojitokeza kwa hisani yao, wasiojua hili wala lile katika elimu ya moto, na ambao pengine muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wakitoka kilabuni.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Juni 22, 1861, ulipozuka moto katika maghala ya Tooley Street, kando ya mto Thames, moto ambao haukuzimika kabisa ila baada ya wiki mbili, na ambao jioni ya siku ya kwanza uliangusha ukuta ukamfukia James Braidwood, mkuu wa kikosi cha makampuni ya bima. Huyu Braidwood, mzaliwa wa Edinburgh, ndiye aliyewafundisha wazima moto wa Uingereza kuingia ndani ya nyumba na kuufuata moto kwenye shina lake badala ya kusimama barabarani na kurusha maji gizani. London nzima ilisimama kumzika. Makampuni kwa upande wao yalihesabu hasara, yakaona ni kubwa mno, yakaiarifu Serikali kwamba mzigo wa kuulinda mji na moto hayawezi tena kuuchukua peke yao. Katika mwaka 1865 Bunge likatunga sheria, na siku ya kwanza ya mwaka 1866 Metropolitan Fire Brigade ikaanza kazi chini ya Kapteni Eyre Massey Shaw, ikilishwa na mifuko mitatu: kodi ya nusu peni katika kila pauni ya thamani ya nyumba, pauni 10,000 kwa mwaka kutoka Serikalini, na pauni 35 kutoka makampuni ya bima kwa kila milioni moja ya mali waliyoiwekea bima. Mtu apendaye hesabu ataona mara moja ni nani aliyetoka na faida katika mapatano hayo.

Mwaka uliofuata, 1867, kikosi kipya kilikabidhiwa ngazi zote 85 za kile chama cha hisani, na kwa mara ya kwanza nyumba na waliomo wakawa chini ya bwana mmoja. Chama hakikufa, kiliendelea kutoa nishani za fedha na tuzo kwa wale waliookoa watu motoni, na hiyo ikawa ndiyo kazi yake iliyobaki. Lakini desturi ya mlinzi mmoja kwa ngazi moja ilihama pamoja na ngazi zenyewe, ikaingia katika kikosi kipya bila ya kubadilika.

Mmoja wa walinzi hao alikuwa Joseph Andrew Ford, mtu wa miaka 30, aliyekuwa na zamu ya ngazi ya Bedford Row katika mtaa wa Holborn. Usiku wa kuamkia Oktoba 7, 1871, yapata saa nane, aliitwa Gray's Inn Road, ambako nyumba ya muuza dawa ilikuwa ikiwaka. Nyumba za mtaa ule zilijengwa kwa namna ambayo hata leo yaonekana katika sehemu za kale za London: nyembamba, ndefu kwenda juu, duka liko chini, na juu ya duka, ghorofa juu ya ghorofa, wamelala mwenye duka na ahali zake na aghalabu wapangaji. Ngazi ya ndani ni ya mti, nayo ni moja. Moto ukianza chini, ngazi ile hugeuka dohani. Moshi na joto hupanda kwa kasi kubwa kuliko mtu awezavyo kushuka, na wale wa juu, ambao huenda wameamshwa na harufu tu, hufungua mlango wa chumba wakakuta njia imekwisha kufungwa, hivyo hawana budi kwenda dirishani. Na katika duka la dawa, zaidi ya mbao na mapazia, kuna vitu vingine rafuni ambavyo moto huvipokea kwa furaha.

Ford aliisimamisha ngazi mbele ya nyumba akaanza kuwatoa watu. Kwa jumla aliwaokoa watu sita. Sina haja ya kulipamba jambo hili, lakini nataka msomaji azingatie maana yake kimwili: kupanda, kumshika mtu aliyetaharuki ambaye pengine anapigana na mwokozi wake kwa hofu, kumwingiza katika mfereji au kumbeba, kushuka, kuvuta pumzi, kisha kupanda tena, huku ukijua kwamba kila dakika uliyoitumia kwa mtu wa kwanza imeupa moto nafasi ya kukaribia ghorofa ya mtu wa sita. Tena anayepanda hapandi mbali na moto. Ngazi imeegemea uso wa nyumba, nayo hupita mbele ya madirisha ya ghorofa za chini kabla ya kufikia yale ya juu. Kwa hiyo siku zote kuna wakati ambapo mwokozi na mwokolewa wako juu ya dirisha ambalo nyuma ya kioo chake chumba kizima kinawaka, na salama yao imetegemea kioo hicho kisipasuke.

Usiku ule kilipasuka. Wa mwisho alikwisha kuteremka, na Ford mwenyewe alikuwa njiani kushuka, ndimi za moto na moshi zilipofumka kutoka dirisha la ghorofa ya kwanza zikamzingira. Turubai likawaka. Wavu wa shaba uliotandazwa ili kulilinda turubai na moto ukamnasa yeye, akapapatika ndani yake mpaka akapenya na kuanguka kwa kishindo juu ya mawe ya njia. Walimchukua hospitali, akafariki siku hiyo hiyo.

Ni vigumu kuusoma mwisho huu bila ya kusimama mahali pamoja: kilichomuua Ford, kwa kadiri ya mauti ya mtu yanavyoweza kutafutiwa sababu, kilikuwa ni ule ulinzi. Aliyeweka wavu aliwaza juu ya turubai. Aliwaza kwa akili na kwa nia njema, akijua kwamba kitambaa huwaka, asiwaze mtu mwenye mshipi na shoka kiunoni aliye ndani ya kitambaa hicho wakati kinapowaka. Na kama chini ya ngazi angalikuwapo mzima moto wa pili, mwenye ujuzi, ambaye jicho lake liko kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza wakati mwenziwe ameelekeza uso juu, pengine ngazi ingalisogezwa ubavuni hatua chache tu. Nasema pengine; moto haudhaminiki. Lakini askari polisi hakufundishwa kulitazama dirisha lile, sembuse mpita njia.

Sasa tuingie katika habari ya heshima aliyopewa, ambayo ilikuja kwa kuchelewa na kwa njia isiyotazamiwa. Dola ya Kiingereza ilikuwa na nishani ya ushujaa wa raia, Albert Medal, iliyoanzishwa mwaka 1866. Lakini ilianzishwa kwa ajili ya wale waliookoa watu baharini, na haikufunguliwa kwa mambo ya nchi kavu mpaka mwaka 1877, baada ya wachimba makaa wa Wales kuokolewa kutoka shimo lililojaa maji. Kwa hiyo katika mwaka 1871 mtu aliyeokoa watu sita katika mawimbi aliweza kutajwa mbele ya Malkia, na aliyeokoa watu sita katika ndimi za moto, maili mbili kutoka jumba la Malkia huyo, hakuwa na mlango wa kubisha. Umma uliziba pengo kwa desturi ya siku zile, yaani kwa kuchangisha fedha za kumsaidia mjane na watoto. Mimi siudharau mchango huo hata kidogo. Kwa mjane aliyeachiwa kodi ya nyumba, pauni ina taadhima yake.

Aliyelirudisha jina la Ford mbele ya macho ya watu alikuwa mchoraji wa tatu katika sura hii, George Frederic Watts, mtu aliyesifika sana katika zama zake na aliyekataa mara mbili kupewa ubwana na Malkia. Watts aliandika katika gazeti la The Times mwezi Septemba 1887, mwaka wa jubilei ya miaka hamsini ya Victoria, akitaka pajengwe ukumbusho wa watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wenzao. Hawakumsikiliza. Alingoja zaidi ya miaka kumi, na mwishowe akapata nafasi katika Postman's Park, bustani ndogo iliyopandwa juu ya makaburi ya zamani ya kanisa la St Botolph, Aldersgate, karibu na lililokuwa jengo kuu la posta. Hapo likajengwa baraza la mti lenye paa, na ukutani mwake pakaanza kupachikwa vigae vilivyoandikwa majina na matendo. Lilifunguliwa Julai 30, 1900, na Watts, mzee na mgonjwa, hakuweza kuhudhuria.

Vigae hivyo viko mpaka leo. Maneno ya kila kimoja ni machache: jina, wakati mwingine umri na kazi, jambo lililotendwa, tarehe. Yumo Alice Ayres, yaya, aliyewarusha watoto watatu wa dada yake kutoka dirishani katika moto wa Aprili 1885, ndipo akaruka mwenyewe akiwa hana tena nguvu. Yumo Ford. Yumo pia mzima moto mwingine, George Lee, ambaye katika moto wa Clerkenwell wa Julai 1876, yaani chini ya miaka mitano baada ya Ford na katika ujirani ule ule, alimchukua msichana aliyezirai mpaka kwenye ngazi ya kuokolea, akianguka mara sita njiani, akafa kwa majeraha. Mara sita ni neno lenyewe la kigae. Mtu aliyehesabu lazima alikuwapo na kutazama, na mtu aliyekuwa na sulubu ya kutazama jambo kama hilo bila ya kufanya kitu, pengine kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, ndiye aliyetuachia hesabu hiyo.

Wako waliouona ukumbusho wa Watts kuwa ni hisia za Kivictoria zilizozidi kiasi, na hawakukosea kabisa. Zama zile zilipenda vifo vizuri, hasa vya maskini. Lakini kwa upande wa wazima moto nina lawama nyingine. Ukuta unamsimulia mtu mmoja na tendo moja, nao kwa tabia yake hauwezi kusimulia zamu. Msomaji wa kigae haambiwi kwamba watu wa Kapteni Shaw waliishi kituoni wakawa kazini mchana na usiku. Kwamba Shaw alipenda kuajiri mabaharia kwa sababu walizoea kupanda juu, kutii amri na kulala vipande vipande. Na kwamba mwendo huo wa kazi isiyo na mwisho haukugawanywa kuwa zamu mbili katika London mpaka mwaka 1920. Wakati Ford akingoja kibandani kwake peke yake, mwana mkubwa wa Malkia, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Edward wa Saba, alikuwa mpenzi mkubwa wa mioto, na sare yake ya zimamoto alikuja kuwekewa tayari katika kituo cha Chandos Street ili ahudhurie anapotaka. Hapakosekani kamwe mtu wa kuja kuutazama moto mzuri.

Heshima ilipata utaratibu baadaye, kwa sababu ya vita. Usiku wa Septemba 17, 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiipiga London, bomu liliangukia jengo la gereji katika Rathbone Street, karibu na Soho, ambalo orofa yake ya chini ya ardhi ilikuwa makimbilio ya watu na ya wazima moto wa akiba. Jengo liliporomoka, watu wengi wakafa, na kifusi cha juu kikawaka. Miongoni mwa waliopona alikuwamo Harry Errington, mzaliwa wa Soho, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Poland, mshonaji wa nguo za mabwana ambaye alikuwa amejitolea katika kikosi cha akiba. Alikuwa akijitafutia njia ya kutoka aliposikia sauti ya mwenziwe aliyebanwa na vifusi. Akageuka. Alijifunika blanketi kichwani na mabegani kujikinga na joto, akachimba kwa mikono mitupu, akamtoa yule mtu, akamburura juu ya ngazi nyembamba ya mawe iliyozibwa nusu, mpaka nje. Njiani alikuwa amemwona mtu wa pili aliyebanwa. Akarejea chini, na mikono yake ikiwa imeungua, akamtoa naye pia. Wote wawili waliishi.

George Cross, nishani ambayo Errington alipewa mwezi Agosti 1941, haikuwapo siku alipolitenda jambo hilo: Mfalme George wa Sita aliianzisha Septemba 24, 1940, siku saba baada ya moto wa Rathbone Street. Ilianzishwa kwa ajili ya raia zaidi kuliko askari, na kwa ushujaa wa mahali popote, baharini, shimoni au juu ya ngazi, na waliokufa katika tendo lenyewe walistahiki kuipokea sawa na walio hai. Errington aliipokea akiwa hai, na vita vilipokwisha akarudi kwenye mkasi na kitambaa. Saa zake za mapumziko alizitoa kwa mpira wa kikapu, mchezo alioupenda na kuutumikia kwa miaka mingi, na alipofariki mwezi Desemba 2004 alikuwa na umri wa miaka 94.